Kliniki itufundishe kupapasa bandama

Mhariri,

Makala yenu ya juzi kuhusu viungo ambavyo mtu anaweza kuondolewa na akaishi ililitia bandama kapu moja na kidole tumbo. Hapo naomba nipinge.

Kweli, asiye na bandama anaishi. Mitaani wapo waliopasuka bandama kwenye ajali za bodaboda, likatolewa, na leo wanachapa kazi. Ila wanaishi kwa masharti. Bandama ndilo linalonasa vijidudu kama vya nimonia na homa ya uti wa mgongo vikiwa bado ndani ya damu. Mtu asiye nalo anaweza kuamka na homa, usiku akawa mahututi.

Sisi Waislamu tulisomeshwa chuoni kwamba damu mbili zimehalalishwa: ini na bandama. Nikiliona buchani, jekundu la kukoza, laini, ni kama damu iliyofungwa utando. Na kazi yake ni hiyohiyo damu. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Zikichakaa, bandama huzichuja na kuzivunja, chuma chake kikatengenezea nyingine. La mtu mzima lina ukubwa wa ngumi na limejificha chini ya mbavu za kushoto. Kwa kawaida ukipapasa hulipati.

La mwanangu nililipata. Ana selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda chembe nyekundu za damu, na chembe zilizopinda hukwama humo. Alikuwa na mwaka na miezi minne. Asubuhi alicheza vizuri. Alasiri kalegea begani kwangu, viganja vyeupe, tumbo limejaa upande wa kushoto. Jirani yetu, mtu mwema kabisa, akasema ni bandama, nimpeleke akachanjwe chale. Ugonjwa aliupatia. Malaria ya mara kwa mara nayo huvimbisha bandama, ndiyo maana wazee wetu wengi wana alama za wembe ubavuni. Lakini mtoto ambaye damu yake imejazana kwenye bandama, mwilini ikabaki kidogo, ukimchanja unamwaga hata hiyo kidogo. Tulikimbilia hospitali, akaongezewa damu usiku uleule.

Kinachoniuma ni kwamba sikuwahi kukosa kliniki. Uzito kapimwa, chanjo ya nimonia kapata wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Selimundu ilipogundulika nikapewa foliki asidi na penisilini ya asubuhi na jioni. Hakuna aliyeushika mkono wangu akauweka pale. Aliyenifundisha ni nesi wa wodini, mambo yakiwa yameshaharibika, na ilimchukua dakika tano. Mlaze chali, mkunje magoti. Anzia chini ya kitovu kwa ncha za vidole, panda polepole kuelekea mbavu za kushoto huku akivuta pumzi. Ukigusa kitu kama ncha ya ulimi, hesabu vidole vingapi kimeshuka chini ya ubavu. La mwanangu lilikuwa vidole viwili. Nesi akaweka alama kwa kalamu.

Nikawa nampapasa kila jioni baada ya kumwogesha. Mwezi wa tatu nikakuta vidole vinne. Tulifika hospitali kabla hajapauka.

Baadaye nikasoma kwamba Jamaika waliwafundisha wazazi hivi zamani. Takwimu zilizochapishwa 1985 zilionyesha vifo vilishuka kutoka kama 29 katika kila matukio 100 ya damu kujazana kwenye bandama hadi 3. Na hapa Tanzania inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Hakuna mashine inayotakiwa, ni vidole tu. Kila mzazi anayeandikiwa penisilini asiondoke kabla hajapapasa mwenyewe mbele ya nesi. Nanyi gazetini mkitupa mchoro mmoja, utabandikwa kwenye kuta nyingi.

Mwanangu sasa ana miaka sita. Nikipapasa sipati kitu, na mwanzoni nilishukuru. Daktari akanieleza kuwa halikupona: limesinyaa kwa makovu, halifanyi kazi tena. Kwa hiyo naye yumo katika wale wenu wanaoishi bila bandama. Kipimajoto nakiweka chini ya mto wangu, na kikisoma 38 siulizi saa ngapi, tunatoka.

Mzazi,
Tanga