Makala ya kompyuta na mbegu ilimsahau mpima ploti

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu kompyuta zinazosaidia kuzalisha mbegu bora, na nimeifurahia isipokuwa kwa mambo mawili. La kwanza ni dogo ila linaudhi: mwandishi ameichanganya kazi hii na GMO. La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ukiisoma makala ile utadhani mbegu inatoka ndani ya kompyuta. Kazi yangu ni kupima ploti za majaribio, nimeifanya misimu mingi, na naomba nafasi nieleze kinachoingia kwenye hiyo kompyuta kabla chochote hakijatoka.

Nianze na hilo dogo. Kwenye GMO, kipande cha vinasaba huingizwa ndani ya mmea maabarani. Huku hakuna kinachoingizwa. Mimea miwili inakutanishwa kwa chavua kama ilivyofanyika tangu zamani, watoto wanapatikana kwa mamia, kisha vinasaba vyao vinasomwa ili ijulikane yupi abaki na yupi atupwe. Mpunga unaostahimili mafuriko ulipatikana kwa njia hii. Jeni yake, Sub1A, ilibainishwa mwaka 2006. Asili yake ni mpunga wa kienyeji wa India, na ikahamia kwenye aina ya Swarna, ambayo wakulima walikuwa wakiipenda tayari, kwa kuzalisha kizazi juu ya kizazi huku vialama vya vinasaba, yaani alama ndogo zinazotambulika ndani ya vinasaba, vikionyesha ni mche upi umeirithi. Mpunga huo ukizama majini huweza kukaa takriban wiki mbili na bado ukachipua.

Lakini Sub1A ni bahati: jeni moja, kazi kubwa. Mavuno hayako hivyo. Mavuno ya mahindi au ngano yanasukumwa na jeni nyingi mno, kila moja kidogo kidogo, na ukisema uzitafute moja moja utazeeka. Hapo ndipo hesabu ilipoingia. Mwaka 2001 wanasayansi Meuwissen, Hayes na Goddard walipendekeza njia nyingine: kila kialama kwenye jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya kiumbe, kipewe uzito wake, hata uwe mdogo kiasi gani, kisha uzito wote ujumlishwe. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa waliichangamkia mapema, maana fahali hatoi maziwa, na kuujua ubora wake ilibidi usubiri mabinti zake wakue, wazae na wakamuliwe. Kwa mimea faida ni hiyohiyo. Mche ukiwa bado na majani machache unachuna kipande cha jani, maabara inasoma vialama, na kompyuta inakwambia huu unaelekea kuzaa vizuri. Kwa zao linalokaa ardhini mwaka mzima kama muhogo, au miti ya matunda inayochukua miaka kabla ya kuzaa, muda unaookolewa si mchezo.

Sasa huo uzito wa vialama unatoka wapi? Hapa makala yenu ilinyamaza. Unatoka kwenye kundi la mimea iliyosomwa vinasaba na pia ikapimwa shambani: urefu, siku za kutoa maua, kilo zilizovunwa, ugonjwa. Wataalamu wanaliita kundi la mafunzo. Jenomu ya ngano ina herufi kama bilioni 16, karibu mara tano ya jenomu ya binadamu, na ramani yake ilitolewa mwaka 2018. Isome yote, hutaona mahali palipoandikwa kilo. Kilo ziko kwenye daftari langu.

Njooni basi shambani. Natembea na kishikwambi, naskani lebo ya ploti, nainama, nageuza jani nione upande wa chini, naangalia madoa ya kutu, ule ugonjwa wa majani, natoa maksi kuanzia 1 hadi 5, kubwa ikimaanisha ugonjwa zaidi. Asubuhi macho yakiwa mapya, 2 ni 2 na 4 ni 4. Ikifika saa nane mchana, mgongo umekaza na safu bado hazijaisha, nimejikamata zaidi ya mara moja nikigawa 3 kama njugu, kwa sababu 3 haigombani na mtu. Siku moja mimi na mwenzangu tulipima safu ileile bila kuonyeshana. Karibu kila alipoandika 2, mimi niliandika 3. Hakuna aliyekosea sana. Ila kama yeye angepima nusu ya shamba na mimi nusu nyingine, kompyuta ingeamini kwamba upande wangu ndio wenye ugonjwa. Hesabu inaweza kulirekebisha hilo, mradi imeandikwa nani alipima wapi. Msimu ule haikuandikwa.

Kuna pia ile siku ya kupanda ambapo pakiti mbili zilibadilishana nafasi mikononi mwangu. Majibu ya vinasaba yaliporudi, mtoto hakufanana na mama wala baba aliyeandikiwa. Hapo kompyuta ndiyo iliyonikamata, na naivulia kofia. Maksi za uongo, kwa upande mwingine, hazina vinasaba vya kuziumbua.

Jambo jingine ambalo wasomaji wenu hawakuambiwa ni kwamba utabiri huu unachakaa. Kadiri vizazi vinavyosonga, undugu na kundi la mafunzo unafifia, vialama vinaachana na jeni vilizokuwa vikiziwakilisha, na usahihi unashuka. Dawa yake ni kupima upya, katika maeneo zaidi ya moja na misimu zaidi ya mmoja, maana mmea unaong'ara mwaka wa mvua unaweza kuaibika mwaka wa ukame. Gharama ya kusoma vinasaba imeshuka sana, lakini kupima bado kunahitaji miguu na mgongo. Ajabu ni kwamba fedha zikipungua, nilikofanya kazi mimi, kinachokatwa kwanza ni ploti za marudio, zile za kupima mbegu ileile zaidi ya mara moja. (Najua mtaniambia kuna droni. Kwa urefu na ukijani zinasaidia kweli. Kwa kutu iliyojificha chini ya jani la katikati, bado naitwa mimi.)

Kwa hiyo mkiandika tena habari ya mbegu iliyochaguliwa kwa kompyuta, muulizeni mtaalamu kundi la mafunzo lilikuwa na mimea mingapi, lilipimwa misimu mingapi, na kama kuna ploti hata moja iliyopimwa na watu wawili. Majibu yachapisheni palepale chini ya ile picha kubwa ya kompyuta.

Nina ploti mia moja na arobaini za kumaliza kabla jua halijapanda, naishia hapa.

Mpima ploti