Kurudi mji wa zamani: punguzeni nyumba, ongezeni muda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na familia zinazojiandaa kurudi, likizo hii, kuwatembelea marafiki katika mji walikoishi zamani. Wengi huipanga safari hii kwa orodha ndefu ya majina, kila jina na saa yake. Matokeo yake wanarudi hoi, na marafiki wanabaki na kinyongo kwamba wageni wao walipita tu.

Pigeni hesabu kabla ya kukata tiketi. Mna siku tano na familia 12 za kuziona. Kumtembelea mtu kwa heshima kunahitaji muda wa saa tatu, na kutoka mtaa mmoja hadi mwingine katika mji mkubwa, pamoja na kurudi, hula saa mbili nyingine. Hizo ni saa 60. Siku ya watu wenye watoto ina saa kama 10 za kutumika, yaani mna saa 50 tu, na hapo hakuna aliyeugua tumbo wala mvua iliyofunga barabara.

Chagueni nyumba tatu, zikizidi nne. Kipimo changu ni hiki: ni akina nani wangewapigia simu usiku wakifiwa? Hao wafuateni majumbani kwao. Waliobaki waalikeni mkutane mahali pamoja, penye kivuli, choo na uwanja wa watoto kukimbia, kwa muda wa saa nne, na mtaje saa ya kuanza na ya kumaliza. Mkutano huo uwekeni siku ya pili au ya tatu. Siku ya kwanza bado mna uchovu wa njia; siku ya mwisho, atakayekosa hana tena nafasi ya kuwaona. Kila mtu apelekewe mwaliko wake mwenyewe kabla haujabandikwa kwenye kundi la simu, maana anayeukuta huko kwanza hujiona amealikwa kwa bahati.

Wenyeji wenu waambieni wiki sita kabla: tarehe, idadi yenu, umri wa watoto, na mtalala wapi. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo linalomnyima mwenyeji usingizi, kwa sababu asipojua huanza kuhamisha vitanda kimyakimya. Mkilala kwake, msingoje siku ya tatu mpewe jembe. Jioni ya kwanza ulizeni nyumba huamka saa ngapi, maji hupatikana vipi, na nani huingia bafuni kwanza. Ugomvi mwingi wa wageni na wenyeji huanzia kwenye foleni ya bafu asubuhi, wakati wenyeji wanawahi kazini na shuleni nanyi mko likizo.

Kisha kuna habari za watu. Wiki moja kabla, mpigieni rafiki mmoja mwenye kifua cha kutunza siri, mumwulize waziwazi: nani amefariki, nani wameachana, nani amepoteza kazi, nani hasemi na nani. Bila hivyo mtawaketisha pamoja watu walioshtakiana, au mtoto wenu atauliza baba wa nyumba yuko wapi wakati kila mtu anatazama chini. Wenye misiba wapeni pole siku hiyohiyo ya kwanza, kabla ya vicheko. Na namba za simu za miaka mingi msiziamini. Namba isiyotumika hufungwa, na baadaye huweza kupewa mtu mwingine. Msitume picha za watoto wala pesa mpaka mmeisikia sauti ya mwenyewe.

Kuhusu watoto naomba mnisikilize kwa makini. Watu wengi hawabaki na kumbukumbu za kabla ya umri wa miaka mitatu hivi, kwa hiyo kumbana mtoto aliyehama akiwa mdogo, "Humkumbuki shangazi aliyekubeba?" ni kumwaibisha yeye na shangazi pia. Mwonyesheni picha nyumbani, mtajieni majina, na wapigieni wenyeji simu ya video mara mbili, dakika 10 zinatosha. Bebeni mchezo usiohitaji maneno mengi, mpira au karata, hasa kama mtoto amesahau lugha ya mji ule. Nusu saa ya kwanza watoto wa pande zote mbili hukakamaa. Waacheni, msiwalazimishe kukumbatiana. Lakini aliyehama akiwa na miaka 11 au 12 ni mtu mwingine kabisa. Huyo ana marafiki wake, na mara nyingi kuhama kulimgharimu kuliko mzazi yeyote, kwa kuwa hakuulizwa. Mpeni nusu siku yake mwenyewe na watu wake. Kumburuta sebuleni kwa rafiki za wazazi siku zote tano ni dhuluma.

Nyumba mliyoishi itazameni kutoka nje. Mkitaka kuingia, abishe mtu mzima mmoja, si familia nzima, na akikataliwa ashukuru aondoke.

Kama mji uko nchi nyingine, kagueni pasipoti za watoto kwanza. Katika nchi nyingi huisha muda mapema kuliko za wakubwa, na mipaka mingi hudai zibaki na miezi sita. Cheti cha homa ya manjano, pale kinapodaiwa, huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, na tangu mwaka 2016 hakiishi muda.

Mwisho ni vitu mlivyoviacha kwa watu mkisema mtavifuata. Masanduku hayo yamekula chumba cha rafiki miaka yote, naye anaona haya kuwakumbusha. Yaulizieni kabla hamjafika. Acheni robo ya begi wazi, chukueni vyeti na picha, na vilivyobaki mwambieni kwa maneno yasiyo na shaka kwamba ni ruhusa kuvigawa, kuviuza au kuvitupa.

Msomaji wenu