Karani Haandiki Makofi

Wanangu,

Salamu sana. Mimi mzima, ila magoti yananung'unika kila nikipanda ngazi. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa vikao, kazi yangu kuandika kilichosemwa. Basi nitawaambia jambo ambalo wanaowaalika mikutanoni hawawaambii.

Siku moja umma uliitwa utoe maoni kuhusu mpango wa kuhamishia huduma mtandaoni. Vijana walijaa hata viti vya plastiki havikutosha. Mmoja akasimama: "Mnatupangia maisha yetu bila sisi!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nami kalamu mkononi, najiuliza niandike nini. Kifungu gani? Kifutwe, au kisomekeje? Nikaandika, "Vijana walionyesha kutoridhika." Wakatia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, wakapewa soda, wakaenda zao. Ripoti ilipotoka, sahihi zile ndizo zilizokuwa ushahidi kwamba vijana walishirikishwa. Niliichapa kwa mikono hii, na hadi leo inanikera.

Ibara ya 118 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalibana Bunge liwashirikishe wananchi. Ya 196 inayabana mabunge ya kaunti vivyo hivyo. Na kwa Ibara ya 7 Kiswahili ni lugha rasmi, kwa hivyo msione haya kukiandikia. Lakini haki hii ina siku zake. Tangazo hutoka gazetini, na muda ukiisha mlango umefungwa.

Kusoma mnajua, hilo sina shaka. Juni 2024 mliuchambua Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, mkautafsiri mpaka kwa lugha za nyumbani, wazee wengi tukauelewa kupitia kwenu. Mswada ukaanguka, na wenzenu wengine walioandamana hawakurudi kwao, sijasahau. Ila humo kulikuwa na ushuru wa mazingira uliogusa hata simu. Mliupinga, na sababu mlikuwa nazo. Sasa simu mbovu ziende wapi? Mimi ninazo nne kwenye droo, betri ya moja imefura kama andazi. Swali hilo halikuanguka na mswada. Nyinyi mnaotengeneza simu vibandani mnalijua kuliko mwanasheria yeyote: kipuri kipi hakipatikani, simu ipi imegundishwa makusudi isifunguke, betri zikifa hutupwa wapi. Maarifa hayo sijawahi kuyaona kwenye maoni hata ya mtu mmoja, na nimefungua bahasha nyingi.

Kuna jingine. Mwaka 2023 vijana walipanga foleni kwenye jumba la mikutano la KICC, Nairobi, wapigwe picha mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, malipo yakiwa sarafu za kidijitali za takriban shilingi 7,000. Agosti serikali ikasimamisha zoezi lile. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ifutwe, kwa kuwa tathmini ya athari za kukusanya data inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikufanywa ipasavyo. Siwalaumu, njaa naijua. Lakini sheria ile ilikuwapo karibu miaka minne kabla ya foleni, na waliokwenda mahakamani walikwenda na kifungu mkononi.

Kwa hivyo mkiitwa tena, pelekeni karatasi. Ukurasa mmoja watosha: namba ya kifungu, maneno yalivyo, maneno mnayotaka yawe, na kisa kimoja cha kibandani kinachoonyesha kwa nini. Toeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mbaki nayo. Hotuba karani anaweza kuifupisha atakavyo. Karatasi yenye muhuri na namba ya kifungu ilikuwa ikinitoa jasho, maana kamati ingeulizwa imeifanyia nini.

Jumamosi baada ya Alasiri niko barazani. Njooni na mswada wowote ulio wazi kwa maoni, mabango yaacheni nyumbani. Kahawa juu yangu, kashata mlete.

Mzee wenu,
Karani mstaafu, Mombasa