Mama Amani, anza na rangi mbili

Dodoma, Juni

Mpendwa Mama Amani,

Mbukwenyi! Salamu nyingi kutoka kwetu huku Kikuyu. Sisi wote hatujambo, ila upepo wa Juni umeshaingia. Watoto wanatoka asubuhi wamejikunyata ndani ya masweta, ikifika saa saba mchana wameyafunga kiunoni. Wewe huko Njombe najua hulivui kutwa nzima.

Nimefurahi mno kusikia unataka kufuma ile skafu ya mviringo ya brioshi, ule ufumaji mnene wa mistari ya kusimama. Umesema utaanza na uzi mwembamba wa rangi moja, na ukishazoea ndipo uhamie kwenye uzi mnene na rangi mbili. Hapo mwenzangu nakupinga, na ndiyo maana barua imekuwa ndefu. Anza na rangi mbili, tena kwa uzi mnene.

Kwenye brioshi kila mstari unapitiwa mara mbili. Katika raundi moja unafuma kitanzi kimoja, kinachofuata hukifumi: unakihamishia tu sindano ya kulia huku uzi ukipita juu yake, kikabaki kimejitanda kama mtandio. Raundi inayofuata mambo yanageuka. Vilivyofumwa ndivyo vinavyohamishwa na kutandwa, na vilivyotandwa vinafumwa, kila kimoja pamoja na mtandio wake. Sasa fikiria unafuma kwa rangi moja, mgeni akabisha hodi, ukaenda ukarudi. Utajuaje ulikuwa raundi gani? Itabidi ukague kitanzi kwa kitanzi. Kwa rangi mbili uzi wenyewe unakujibu, na kila rangi ina kazi moja tu mpaka skafu inaisha: ya kwanza inafuma kawaida, ya pili inafuma kinyume, uzi ukiwa mbele ya kazi. Kati ya nyuzi nilizokuchagulia, ukishika wa zambarau mkono unajua la kufanya, ukishika wa maziwa vilevile.

Uzi mnene nao unakuonyesha kila kitu. Kitanzi na mtandio wake vinaonekana wazi hata jioni kwa taa hafifu, wakati kwenye uzi mwembamba mtandio unajificha na unaweza kufuma kitanzi ukauacha nyuma bila kujua. Halafu kuna joto. Brioshi inaacha nafasi nyingi za hewa katikati ya nyuzi, na hewa hiyo iliyonaswa ndiyo inayokutunzia joto la shingo. Kwa ukungu wa huko utaniombea dua.

Ningetamani nikutafutie sufu halisi, maana sufu inatunza joto hata ikipata unyevu, lakini kondoo wetu wa Ugogo manyoya yao ni mafupi, hayasokotwi uzi wa namna hiyo. Nimechukua akriliki nene pale sokoni Majengo, rangi ya zabibu iliyoiva, ndiyo hiyo zambarau, na rangi ya maziwa. Nilitamani sana zambarau na bluu ya giza, zikikaa pamoja mezani zinapendeza, ila nikazipiga picha kwa simu na kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe: zikawa rangi moja! Fanya hivyo kila unapochagua. Rangi zisipoachana kwenye picha hiyo, hata kwenye skafu zitamezana. Na usishangae ukiona mipira ni mikubwa, brioshi inakula uzi kuliko ufumaji wa kawaida. Nimekuwekea gramu 100 za kila rangi.

Sindano ni ile ya mviringo, milimita 6.5, urefu sentimita 40. Ikiwa ndefu kuliko mzunguko wa skafu vitanzi havitafika kukutana. Anza na vitanzi 60 vya zambarau, uvilegeze. Idadi lazima igawanyike kwa mbili. Kabla ya kuunganisha mduara, laza kazi mezani uhakikishe ukingo haujajipinda popote, kisha funga kipande cha uzi mwekundu pale raundi inapoanzia. Raundi ya kwanza, kwa zambarau: fuma kimoja kawaida, hamisha kimoja na mtandio, hivyo hivyo hadi mwisho. Uache uzi huo, shika wa maziwa: hamisha kimoja na mtandio, kinachofuata kifume kinyume pamoja na mtandio wake. Rudi kwenye zambarau: chenye mtandio kifume kawaida pamoja na mtandio wake, kingine hamisha. Basi, raundi hizo mbili za mwisho ndizo utakazokuwa unazirudia.

Mahali pa kuwa macho ni pale unapobadilisha rangi. Mtandio wa mwisho wa raundi hupenda kuteleza ukaanguka, kwa hiyo uzuie kwa kidole gumba mpaka uzi mwingine uanze kazi. Pia usiogope raundi mbili tatu za mwanzo. Zinaonekana ovyo kabisa, huoni muundo wowote. Endelea tu, mistari ya kusimama itajitokeza: nje zambarau imejaa mbele na maziwa imejificha bondeni, ndani ni kinyume chake. Ukichoka na upande mmoja unaigeuza skafu, una nyingine.

Unapohesabu urefu, kumbuka kila kitanzi kimoja unachokiona kwenye mstari kimechukua raundi mbili za mkono. Kazi inakwenda taratibu kwa sababu hiyo, wala si kwamba huwezi.

Mara kwa mara pitisha uzi mwembamba laini, kwa sindano butu, ndani ya vitanzi vyote na mitandio yao, uuache humo. Kitanzi kikidondoka kwenye brioshi kinashuka na mtandio wake, na kuvipandisha vyote viwili kwa mpangilio ni kazi ngumu kwa anayeanza. Ukiwa na uzi huo wa akiba unafumua mpaka hapo, unarudisha vitanzi kwenye sindano, unaendelea. Mimi naona hili ni la lazima, usiniambie utalifanya baadaye.

Ikifika kama sentimita 25 yatosha. Wakati wa kufunga legeza mkono sana, la sivyo ukingo utakaza na kichwa hakitapita. Ukiifua usiikamue wala kuianika kwenye kamba, uzito wa maji utaivuta irefuke. Ikunje ndani ya taulo uibonyeze, kisha uilaze mahali tambarare. Huku kwetu ingekauka siku hiyo hiyo, huko kwako uwe na subira.

Mzigo nimempa kondakta wa basi linalopita Mtera na Iringa, umeandikwa jina lako na namba ya baba Amani. Ndani kuna nyuzi, sindano, na kipande kidogo nilichofuma ukione kwa macho. Kifumue ukipenda, ndivyo utakavyojua mtandio unakaa wapi. Ukimaliza raundi za mwanzo nitumie picha ya nje na ya ndani kabla hujaenda mbali, nione kama rangi zimekaa kila moja upande wake.

Msalimie sana baba Amani na watoto.

Wako akupendaye,
Mama Chiku