Malalamiko: gari ya pushi stati mliyoniuzia mkijua naishi Mtwara

Kwa Meneja Mauzo, pamoja na yule kijana wenu wa WhatsApp,

Habari za kazi. Naandika barua kwa sababu simu hampokei tena na meseji mnasoma mnakaa kimya. Naambatanisha risiti mbili, ya kununua gari na ile ya sevisi mliyosema mmenifanyia bure kabla ya kunikabidhi, na hiyo ya sevisi naomba muisome vizuri maana kesi yote iko pale.

Nilipokuja yadi kwenu niliwaambia mapema kabisa, mimi wa Mtwara, nakaa Mikindani, shamba la korosho liko Newala, gari itakuwa inapanda na kushuka huko na mizigo. Nilikuwa nataka gari ya funguo ya kuzungusha na gia za manyuali. Mkacheka, mkasema bosi hizo za wazee, chukua hii ya pushi stati, unawasha kwa kitufe, giaboksi CVT inayojiendesha yenyewe, haishtuki, mafuta inanusa tu. Haya, kunusa inanusa kweli.

Sasa niko Masasi, gari imegoma kuwaka. Nakanyaga breki nabonyeza kitufe, dashibodi inawaka taa zote, redio inaongea kile Kijapani chake cha kila siku cha kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara huko Japani, lakini stata haizunguki na gia haitoki kwenye P, yaani paki. Nawapigia, mtu wenu bila kuuliza hata swali moja ananiambia hiyo ni kontrolo boksi, kompyuta ya gari, andaa milioni 1.8 na gari iletwe Dar. Nikamuuliza itafikaje, akasema funga kamba nyuma ya lori, mbona watu wanavuta tu.

Kilichoniokoa ni kijana mmoja fundi umeme pale pale Masasi, hana mashine ya kupimia wala nini. Kazunguka nyuma ya gari kaniambia kanyaga breki, akasema mzee taa za breki haziwaki hata moja. Akaja akalala chali chini ya usukani akachomoa kidude cha plastiki kinachokaa juu ya pedali, swichi ya breki, miguu yake ya shaba imeota ukungu wa kijani, si unajua tena hewa ya bahari na gari zikikaa Mikindani. Akanielewesha kwamba hizi gari za kitufe zinasubiri umeme wa ile swichi ndo zijue umekanyaga breki, usipofika injini haiwaki na gia inabaki imefungwa kwenye P. Swichi yenyewe elfu 15! Na akanionyesha kuna kitundu kando ya gia, unachomeka bisibisi ndogo gia inatoka kwenye P hata kama swichi imekufa. Nyie mnauza magari haya kila siku na hakuna aliyefungua mdomo kunionyesha hicho kitundu.

Halafu ile kamba. Kitabu cha gari ni cha Kijapani, mpwa wangu kakipiga picha na simu kikatafsiriwa, kinasema wazi gari isivutwe matairi ya mbele yakiwa chini, inabebwa. Injini ikiwa imezima pampu ya oili ya giaboksi haifanyi kazi, ningeivuta mpaka Dar ningefika na giaboksi iliyojisaga kavu, na hapo mngeniambia ni uzembe wa mteja.

Giaboksi ndo kubwa zaidi. Nikipandisha Newala kutokea Masasi injini inapiga kelele, mshale wa mzunguko unapanda, gari yenyewe inatambaa, na ukiendelea kuilazimisha taa inawaka inabidi upaki pembeni ipoe huku daladala na bodaboda zinakupita. Tukamwaga oili ya giaboksi. Imetoka nyeusi inanuka kuungua, na zile sumaku za kwenye sampu, bakuli la oili chini ya giaboksi, zimevaa unga wa chuma mpaka hazionekani. Sasa rudini kwenye risiti yenu ya sevisi, mstari wa tatu, mmeandika kwa mkono wenu: ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida. CVT haina gia za meno za kubadilisha, ina mkanda wa chuma kati ya puli mbili na unashika kwa msuguano, ndo maana ina oili yake maalumu. Mkitia ATF ya kawaida mkanda unateleza, unakula puli. Hili fundi wa gereji ya mtaani analijua, nyie wenye yadi na vioo na AC hamlijui?

Na funguo ya pili iko wapi? Mlisema inakuja. Mafundi wote niliowauliza hapa wananiambia ikipotea hii moja niende Dar kuprogramu nyingine, sasa gari haiwaki naiendesha na nini zaidi ya kilomita 550?

Ninachotaka si pole. Nataka giaboksi ifunguliwe na fundi anayeijua CVT, huku huku Mtwara, kwa gharama zenu, na kama puli zimeliwa mlete nyingine. Nataka funguo ya pili ikiwa imeshaprogramiwa kwenye gari. Na hela ya fundi wa Masasi mnirudishie, ndogo lakini ni yenu kulipa. Mkikaa kimya tena hizi risiti napeleka Tume ya Ushindani, FCC, na picha za zile sumaku ninazo.

Namba yangu mnayo, juzi tu mmeitumia kunitumia ofa ya gari nyingine, CVT hiyo hiyo. Nitoeni kwenye hiyo listi mpaka hii ipone.

Mteja wenu,
Mikindani, Mtwara