Filamu ya manusura wa Kamuchiri: njooni mtazame, na msije mikono mitupu

Wapendwa waumini, majirani na marafiki wa Mai Mahiu,

Tunabisha tena mlango uleule, na haya tunaona. Mwaka 2024, mafuriko yalipokumba kijiji cha Kamuchiri, mlileta unga, blanketi na majembe kabla hatujajua nani yu hai. Lakini yupo msichana wa kidato cha tatu aliyefiwa na wazazi wote wawili usiku ule, na wiki jana amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nyanya yake huuza sukumawiki kando ya barabara. Mbuzi ameshauza. Kilichobaki cha kuuza ni godoro, lile mlilompa ninyi.

Vijana wetu wametengeneza filamu ambamo manusura wanasimulia wenyewe alfajiri ya Jumatatu, Aprili 29, 2024: jinsi maji yalivyojaa nyuma ya tuta la reli huko Old Kijabe baada ya njia ya maji iliyo chini yake kuziba, yakapasua tuta, yakashuka na mawe, miti na magari mpaka vitandani mwa watu. Zaidi ya 50 walifariki. (Wengi bado husema bwawa lilipasuka. Halikuwa bwawa, na wenyeji wamechoka kueleza.) Yupo mama anayetaja mmoja mmoja waliomfukua matopeni gizani. Hao nao tutawaita mbele siku hiyo, wapigiwe makofi wanayostahili.

Ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada, ukumbini kwetu. Kiingilio ni shilingi 200, watoto bure. Paa linavuja upande wa kushoto. Mvua ikija, tutabanana kulia.

Tunalenga shilingi 280,000, karo ya muhula mmoja ya watoto 14 wanaolelewa na nyanya na shangazi zao. Pesa zitalipwa moja kwa moja shuleni, na mweka hazina atasoma hesabu Jumapili inayofuata.

Kadi za harambee zilizotolewa Pasaka bado zimo mifukoni mwa baadhi yetu. Hatutaji majina, mnajijua. Zirudisheni hata zikiwa na mia moja. "Amhurumiaye maskini humkopesha Bwana," na huyo si mdeni wa kukimbia.

Mlio Nairobi na ughaibuni, tumeni kwa M-Pesa, namba iko kwenye kadi. Wenye magari, tafadhali piteni Kamuchiri mwabebe wazee. Kilima cha kufika ukumbini kinawashinda.

Kamati ya Harambee