Usugu wa bakteria haujifuti wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii nizungumzie jambo ambalo makala nyingi za usugu wa dawa huliruka. Husemwa mara kwa mara kwamba dawa ikipumzishwa, bakteria wataupoteza usugu wenyewe, kwa kuwa kuubeba kunawagharimu. Gharama hiyo ipo kweli, na mahali pengine usugu hupungua, lakini hesabu haiishii hapo.

Usugu mwingi hukaa katika plasmidi, yaani vipande vya DNA, aghalabu vya mviringo, vilivyo nje ya kromosomu (DNA kuu ya seli) na vinavyojinakili vyenyewe. Tuchukue plasmidi R1, ambayo humkinga bakteria Escherichia coli dhidi ya dawa za ampisilini, kloramfenikoli, kanamaisini na streptomaisini. Nakala zake katika seli ni chache mno. Lau zingekuwa nne wakati wa kugawanyika, na kila moja ikaangukia upande wowote kwa bahati tu, mgawanyiko mmoja katika kila minane ungezaa seli isiyo na plasmidi hata moja, na kwa bakteria anayeweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hasara hiyo ingeongezeka upesi.

R1 haitegemei bahati. Protini iitwayo ParR hujishikiza kwenye eneo maalumu la DNA yake, kisha protini nyingine, ParM, yenye nasaba moja na aktini, protini ya misuli yetu, hujiunga kuwa nyuzi zinazorefuka katikati ya nakala mbili na kuzisukuma hadi kwenye ncha mbili za seli. Uzi usioshika plasmidi husambaratika; ulioshika pande zote mbili hudumu na kuzidi kurefuka. Nakiri kwamba ustadi huu, ndani ya kiumbe asiyeonekana kwa macho, hunistaajabisha kila ninapoufundisha.

Hata seli ikizaliwa bila plasmidi, haisalimiki. R1 huacha ndani yake RNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni, ya kutengenezea sumu iitwayo Hok, nayo RNA hiyo hudumu; huacha pia RNA ya Sok inayoizuia, ambayo huoza haraka. Bila plasmidi, Sok mpya haitengenezwi, hivyo Hok hukosa kizuizi na sumu hutengenezwa. Sumu hushambulia utando wa seli, na seli hufa.

Naomba basi kurasa zenu za afya ziache kuwaahidi wasomaji kwamba usugu utaondoka kwa kungoja, na zikazanie kuuzuia usiingie: dawa zitolewe kwa cheti cha daktari, na antibiotiki zisitumiwe kwa mafua.

Mwalimu wa baiolojia,
Morogoro